Jani la Kushoto

Raya ndiye aliyenifunza. Alinishika kidole
kama nilivyomshika yeye alipoanza alifu,
akasema: Mama, hapa, bonyeza pini,
picha haikimbii tena, yako.
Nikacheka. Kitu hujakishika
kitakuwaje chako?

Sasa nina mbao saba.
"Jiko": makabati meupe, sinki mbili,
na mimi maji nakinga kwa Bi Zeyana alfajiri.
"Mapazia." "Mikate."
"Bustani za Makopo", hiyo niliifuata kweli,
nikapaka rangi, nikapanda giligilani na mchaichai,
kuku wa Faki wakanikomesha kwa siku mbili.
Na mmoja nimeuita "Siku Nikipata".
Huo nauficha hata kwa Raya.

Bando la usiku ndilo rahisi.
Mtemani kimya, jenereta la mbali linakohoa,
kioo kimeingia ukungu wa mafuta ya karafuu
kwa vidole vilivyochambua tangu alasiri.
Nashusha, nashusha. Vyumba vya watu
visivyo na mtu hata mmoja ndani.
Mezani ndimu tatu, hakuna aliyezikamua.
Najiuliza hawa wanakula wapi,
na viatu wanavua wapi.

Naiba rangi, sisemi uongo.
Kijani ya vigae vya Moroko
niliitia kwenye mito ya bibi harusi wa Jadida.
Wakaniuliza, umeitoa wapi hii?
Nikasema, kichwani.
Kichwani mwa nani, sikusema.

Jumanne usiku, kati ya taa na taa,
nikaiona kofia.
Imepinduliwa, imetiwa balbu,
inaning'inia juu ya meza ya kulia.
Kofia ya mkono, ya tobo.
Nikaitanua kwa vidole viwili, nikahesabu:
viua kumi na viwili,
majani yote yanatazama kulia
ila moja.

Hilo moja nalijua.
Nililishona usiku wa mvua, Shaame yuko
wodi ya wanaume, mlango wa tatu,
nami sakafuni nje na sindano,
maana mikono yangu ikikaa bure inapiga kelele.
Muuguzi akaniita.
Siku niliyokirudia kitambaa
jani lilikuwa limeshageukia kwake,
nami sikuwa na moyo wa kufumua.
Tajiri wa Unguja alipunguza elfu tano kwa hilo.

Watu elfu kumi na nne wameibandika.
Jina la mshonaji halipo. Chini pana maandishi,
Raya akanisomea: "Taa ya kienyeji, wazo la wikendi."
Wikendi!
Miezi minne ile, mwanangu,
na eda juu yake.

Nilikasirika hata chai ikapoa.
Shemeji anasema andika, lalamika, dai.
Nimdai nani? Picha imetoka kwa picha
iliyotoka kwa picha,
kama maneno ya kisimani,
kila mmoja ameyasikia, hakuna aliyeyasema.

Usiku nikafungua sanduku.
Ipo ya Shaame, ya Idi yake ya mwisho,
bado ina alama ya jasho pembeni.
Nikawasha tochi ya simu, nikaifunika.
Bati lote, hata pale panapovuja,
likaingia vitone vya mwanga,
ukutani viua vikubwa kama sahani.
Nikakaa. Sijui muda gani.

Basi wazo ni zuri, sikatai.
Nikaibandika na mimi,
kwenye ubao ninaouficha,
mtu wa elfu kumi na nne na mmoja.

Chaji ikabaki asilimia nne.
Kesho naanza kofia nyingine,
na jani moja nitaligeuza kushoto,
mchana, macho makavu, kwa kusudi.
Tajiri akitaka
na apunguze.